WASOMAJI WANAULIZA: Nina waigizaji wawili na laptop iliyochoka, nitakuwaje prodyuza?

Swali

Dada shikamoo. Mi ni binti wa miaka 25 nipo Mwanza, kwenye filamu nilianza kwa kubeba mizigo tu, yaani nilienda seti nikasema nipeni kazi yoyote, baadae wakanipa kontinyuiti, yaani kuangalia nguo na vitu vifanane toka sini moja mpaka nyingine, na mpaka sasa nimefanya tamthilia mbili na filamu moja. Sa hivi kuna waigizaji wawili wananiamini sana, wakipigiwa simu ya kazi wanasema ongea na meneja wangu afu wanatoa namba yangu. Sina ofisi sina mtaji, nina simu na laptop iliyochoka. Ndoto yangu ni kutengeneza filamu zangu na kusimamia wasanii ila watu wananiambia hiyo kazi ni ya watu wa Dar wenye koneksheni. Nianzie wapi, na je hivi vitu viwili vinakaa pamoja?

*Mtoto wa Ziwa, Mwanza*

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu umesema umefanya kontinyuiti afu umeipita haraka kama kitu kidogo, kumbe hapo hapo ndo uprodyuza wako ulishaanza.

Ngoja nikupe kisa. Kuna filamu tulipiga, sini moja mama anatoka chumbani anaenda uani kumwita mwanae, chumbani tukapiga Jumatatu nyumba ya Mbezi, uani tukapiga Alhamisi kwa bibi mmoja Bagamoyo maana uwanja wake una mti mzuri wa mkungu. Mama muigizaji alikuja na kanga nyekundu na nyeupe kama ya Jumatatu, kila mtu akaona sawa, tukapiga mpaka jua likazama tukafunga vyombo tukaondoka. Kwenye kuhariri sasa ndo tunaona, chumbani mgongoni kwake pameandikwa MTUMAI CHA NDUGUYE HUFA MASIKINI, akifika uani pameandikwa WEMA HAUOZI. Rangi zilezile, maua yanafanana, ila jina la kanga lingine kabisa, na mtazamaji wa kwetu kanga anaisoma! Ikabidi turudi Bagamoyo, gari tena, jenereta tena, chakula cha watu 14 tena, na bibi tukamuomba uwanja kwa mara ya pili. Hela ya siku ile ndo ilikuwa hela ya muziki wa filamu. Binti wa kontinyuiti hakuwepo kwa sababu mimi prodyuza niliona nipunguze mtu mmoja nibane bajeti.

Kwahiyo we umeshakaa kwenye kiti ambacho unaona kila kitu, nani kavaa nini, sini ipi imepigwa ipi bado, nani kachelewa. Uprodyuza ni hicho hicho ila unaongezea hela na makaratasi.

Anza na kuvunja skripti. Chukua skripti yoyote hata ya watu uliofanya nao, isome sini moja moja na kalamu za rangi, waigizaji rangi moja, nguo rangi nyingine, vifaa, magari, watoto, wanyama, usiku, mvua, kila kitu kinachohitajika kwenye ile sini kiandike. Ukimaliza unapanga upya kwa lokesheni na sio kwa mfululizo wa hadithi, maana kama una sini 9 za hospitali zimetawanyika kwenye hadithi nzima utazipiga zote siku moja au mbili, hospitali hawakupi wodi wiki nzima. Afu unaangalia muigizaji wako wa gharama yuko kwenye sini ngapi, unazibana siku zake zikae pamoja. Hapo ndo bajeti inazaliwa, watu wengi wanaanza na hela wanasema nina milioni 5 nifanye filamu gani, wakati skripti iliyovunjwa vizuri yenyewe inakwambia siku ngapi, watu wangapi, sahani ngapi. Na sahani usizidharau, seti yenye njaa inagombana, mi nimeona dairekta mzuri anashindwa kazi kwa sababu chai ilifika saa 5 asubuhi na watu wako pale tangu saa 11 alfajiri.

Makaratasi sasa. Kabla hujawasha kamera unatakiwa kibali cha Bodi ya Filamu, hiyo ipo kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, wanataka kuona skripti yako, na filamu ikiisha inarudi kwao ikaguliwe na ipangiwe umri wa watazamaji. Ukitaka kurusha droni kuna kibali kingine cha mamlaka ya usafiri wa anga, ukiingia hifadhini kuna wenye hifadhi. Nyumba ya mtu andikiana nae hata kama ni shangazi yako, karatasi moja tu, tarehe, saa, kiasi, na nani analipa kikivunjika kitu. Waigizaji na mafundi wote wasaini kabla ya siku ya kwanza na hapa sibembelezi, KABLA, kwa sababu mtu akishapigwa nusu ya filamu hujasainishana nae amekushika shingo, au we umemshika yeye, na vyote viwili ni vibaya.

Hakimiliki nenda COSOTA, ndo ofisi yenyewe ya hakimiliki. Kazi inalindwa tangu pale unapoiandika au kuirekodi, sheria ya 1999 haisemi mpaka usajili, ila cheti cha usajili kinakusaidia siku mtu akikuzulumu maana una tarehe na una jina.

Sasa nikwambie kitu ambacho kinaniuma mpaka leo. Filamu yangu ya kwanza niliimaliza 2011, Kanumba alikuwa bado yuko hai na DVD ndo zilikuwa soko lenyewe, kila mtu akimaliza filamu anakimbilia Kariakoo kwa wasambazaji. Na mi nikaenda. Nikapewa mkataba wa ukurasa mmoja na bahasha ya kaki, nikahesabu hela pale pale mezani nikaona Mungu mkubwa, nikasaini. Kwenye ule ukurasa kulikuwa na mstari unasema nauza "haki zote", basi, hakuna miaka, hakuna nchi, hakuna chombo. Waigizaji wangu niliwaahidi kwa mdomo kwamba filamu ikiuza tutagawana, kulikuwa na mzee mmoja alicheza babu, alikuwa anatoka Kibaha na daladala mbili kila siku na hakuwahi kuchelewa hata mara moja. 2016 niko saluni Kinondoni nasukwa, kwenye tivii ya saluni naiona filamu yangu inaonyeshwa, wadada wanacheka kwenye sini ya yule mzee, wanasema huyu babu anajua. Sikupata hata mia na yeye hakupata hata mia, na mwaka huo alikuwa ameshafariki. Nilienda kwa mwanae nikamuelezea, akanisikiliza akasema sawa dada. Mpaka leo nikisaini mkataba huwa namuona yule kijana alivyokaa kwenye kigoda.

Ndo maana nasema HAKI USIUZE KWA JUMLA. Filamu moja ina haki nyingi ndani yake, ya tivii, ya mtandaoni, ya kumbi, ya kwenye mabasi, ya ndani ya nchi, ya nje, ya kutafsiri, ya kutengeneza mwendelezo. Kituo cha tivii kikitaka kuonyesha unakipa leseni, mfano miaka miwili, chaneli hiyo tu, Tanzania tu, kuonyeshwa mara kadhaa mnazokubaliana, muda ukiisha filamu inarudi kwako unampa mwingine. Watakwambia sisi mkataba wetu ndo huu hatubadilishi, wengine kweli hawabadilishi na utaamua mwenyewe kama hela inatosha, ila uamue ukiwa unajua unatoa nini. Na wale uliowaahidi asilimia iandike kwenye mikataba yao, ili siku haupo mtoto wa mtu awe na karatasi ya kudai.

Umeuliza kama uprodyuza na umeneja vinakaa pamoja. Vinakaa ila vinagombana na lazima ujue vinapogombania. Ukiwa prodyuza unataka muigizaji kwa bei ndogo ili bajeti itoshe, ukiwa meneja unatakiwa umtafutie bei kubwa. Siku unamuweka msanii wako kwenye filamu yako mwenyewe unajadiliana na nani? Unajadiliana na wewe mwenyewe na yeye amekaa pembeni anakuamini. Mi nilichojiwekea ni hiki, msanii wangu akicheza kwenye kazi yangu sichukui asilimia ya meneja, na mkataba namwambia apeleke kwa mtu mwingine amsomee, kaka yake, mwalimu, mwanasheria kama anapatikana. Wenzangu wengine hawafanyi hivyo, wanachukua huku na huku. We ukianza hivi utalala usingizi.

Wale wawili wako wasainishe mkataba mwezi huu, usisubiri ofisi. Mwaka mmoja tu wa kuanzia, mjuane kwanza. Fungua daftari au eksel, kila kazi iliyoingia andika tarehe, nani kapiga, kiasi, kilicholipwa, kilichobaki. Na hela ikiwezekana iingie kwenye akaunti ya msanii mwenyewe halafu yeye akutumie asilimia yako, sio iingie kwako umgawie. Najua wengi wanafanya kinyume. Ila kwenye biashara yetu ugomvi mwingi nilioushuhudia wa msanii na meneja sio wa wizi, ni wa hesabu ambayo upande mmoja hauioni. Mfano kampuni imekubali kumlipa milioni 1, inaingia laki 9 na nusu, msanii anaanza kununa anajua umekula elfu 50, kumbe ni kodi ya zuio asilimia 5 imekatwa na kampuni ikapeleka TRA. Kama una daftari na ile karatasi ya kodi umeiomba kutoka kwa kampuni, unamuonyesha yanaisha dakika mbili. Kama huna, umempoteza.

Na umeneja sio kupokea simu ya dili. Ni kujua kwamba yule wa kike haigizi vizuri sini za kulia asubuhi, kwahiyo unamuomba prodyuza aziweke mchana. Ni kujua mama yake anaumwa na kumpigia dairekta kabla, sio siku ya shuti saa 12 asubuhi. Ni kumwambia hapana kwenye kazi ambayo itamchosha sura, akicheza mchepuko kwenye tamthilia tatu mfululizo hakuna atakayempa nafasi ya mwalimu. Na kiki za mitandaoni, za kugombana na mtu ili azungumziwe, usimuuzie kabisa. Matangazo ya benki, ya sabuni, ya maziwa ya watoto ndo yana hela, na wale watu wanaangalia huyu mtu ana maneno gani nyuma yake.

Kuhusu koneksheni na Dar. Dar kuna vituo vya tivii vingi, huo ni ukweli. Ila Mwanza una ziwa, una jiwe la Bismarck Rock, una milima ya mawe ambayo mtu wa Dar analipa mafuta kuifuata, una visiwa, una mwalo wa samaki unaoamka saa 9 usiku. Prodyuza wa Dar akija huko anahitaji mtu anayejua mwenyekiti wa mtaa ni nani, jenereta inakodishwa wapi, samaki wanashushwa saa ngapi. Kuwa huyo mtu. Tengeneza faili la lokesheni, picha, jina la mwenye eneo, jua linapiga upande gani asubuhi na jioni, kelele gani zipo, msikiti uko umbali gani na adhana ni saa ngapi maana mtu wa sauti ndo kitu cha kwanza atakuuliza. Hilo faili litume kwa watu uliofanya nao kazi. Kazi yako ya kwanza ya hela kubwa nadhani itatokea hapo, afu jamaa wakishakuamini kwenye lokesheni watakuachia na usimamizi wa prodakshen.

Filamu yako ya kwanza fanya fupi, dakika 10 hadi 15, nyumba moja, watu watatu, hao wawili wako na mmoja zaidi. Sauti iwe safi kuliko picha, watu wanavumilia picha ya simu ila sauti ya upepo wanazima. Ikiisha peleka ZIFF Zanzibar, lile tamasha la filamu lipo tangu miaka ya 1990 na pale Ngome Kongwe utakaa benchi moja na watu ambao kwa barua pepe wasingekujibu. Na ukipata nafasi ya kusoma TaSUBa pale Bagamoyo nenda, wanafundisha sanaa tangu 1981 wakati kikiitwa Chuo cha Sanaa, ila usisubiri chuo ndo uanze.

Hadidiski za kuhifadhi ulichopiga ununue mbili, kila usiku nakili kote kote kabla hujalala, moja akae nayo mtu mwingine. Hii sijui kwa nini watu wanaipuuza.

Swali

Mambo vipi dada. Mimi ni muigizaji chipukizi Morogoro, kuna meneja amenipa mkataba wa miaka 5, yeye anachukua asilimia 40 ya kila ninachopata na nikitaka kutoka narudisha gharama zote alizotumia kunikuza. Anasema wasanii wote wakubwa walianza hivyo. Nisaini?

*Kijana wa Mji Kasoro Bahari*

Jibu

Poa mdogo wangu, huo mkataba usiusaini hivyo ulivyo. Sisemi huyo bwana ni mbaya, inawezekana kweli ametoa hela yake mfukoni na anataka irudi, hiyo ni haki yake, ila mkataba wenyewe una mashimo matatu.

La kwanza "kila ninachopata". Una genge la mama yako unamsaidia, unauza nguo mtandaoni, hiyo nayo ni asilimia 40? Iandikwe ni mapato ya kuigiza na matangazo yaliyopatikana ndani ya muda wa mkataba. La pili asilimia 40 ya nini, ya jumla au baada ya gharama? Chukua kalamu. Umelipwa milioni 1, nauli na nguo laki 3. Ingekuwa asilimia 20, ya jumla anachukua laki 2, kwa asilimia 20 baada ya gharama anachukua laki 1 na 40. Ukiweka 40 ya jumla anachukua laki 4, gharama laki 3 umebeba wewe, unabaki na laki 3 na jasho ni lako. Kule Hollywood ambako wasimamizi wana ofisi za ghorofa wakala amezoeleka kuchukua asilimia 10 na meneja kama 15. Kwetu hela ya soko ni ndogo na meneja anafanya kazi za watu wanne kwahiyo 20 naielewa, hata 25 mwaka wa kwanza kama kweli anawekeza. 40 siielewi.

La tatu na ndo baya kuliko yote, "gharama zote" bila orodha. Mwambie kila gharama iandikwe na risiti, usaini kwamba umeiona, na iwe na kikomo. Bila hivyo siku unaondoka unaletewa milioni 15 za soda na bando. Miaka 5 omba iwe 2, na kiwekwe kipengele kwamba asipokuletea kazi ndani ya miezi 6 uko huru. Jiandikishe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, na mkataba mpelekee mtu anayejua sheria kabla ya kalamu. Akikasirika kwa sababu umeomba muda wa kusoma, hapo sina la kuongeza.

Swali

Mwanangu wa kike ana miaka 16 yupo kidato cha tatu, kuna mtu kamfuata mtandaoni anasema ni meneja wa wasanii, anataka elfu 50 ya fomu ya usaili na binti aende peke yake gesti moja hapa mjini kupigwa picha. Analia kila siku anasema namzibia riziki. Nifanyeje?

*Mama Mzazi, Tanga*

Jibu

Shikamoo mama. Asiende, na hela usitoe. Usaili wa kweli haulipiwi, prodyuza ndo anamtafuta muigizaji, na haufanyiki gesti, unafanyika ofisini, ukumbini au shuleni, mchana, na watu wengi. Mtoto wa chini ya miaka 18 hasaini mkataba mwenyewe, mzazi unakuwepo kwenye usaili, unakuwepo kwenye mazoezi na seti unakaa unamuona. Mi nikimuita mtoto kwenye kazi yangu na mzazi hajaja, simpigi hata picha moja.

Namuonea huruma binti yako kwa sababu hamu yake ni ya kweli, na nakuomba usiizime kwa hasira. Mtafutie kundi la maigizo la shule au la mtaani ambalo we mwenyewe umeenda ukaliona, aigize, akosee, azoee kusimama mbele za watu. Akifika 18 akiwa na miaka miwili ya jukwaa ataingia usaili wowote na atajua anafanya nini.

Yule mtu usimjibu tena na meseji zake usizifute hata moja, zipige picha zote na namba ionekane, peleka polisi Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116 ni bure, ni namba ya kusaidia watoto. Kama amemfuata binti yako jua ameshawaandikia na wenzake darasani, kwahiyo kesho pitia shuleni umwambie mwalimu.